Faini ya Pombe ya Ndizi: Kitereza na Swali la Urithi wa Kijiji

Katika sehemu ya mwanzo ya riwaya ya Aniceti Kitereza, Myombekere anakwenda ukweni kumwomba mkewe, Bugonoka, arejee nyumbani. Bugonoka amechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ndugu wa mume wamekuwa wakimsimanga kwamba hazai. Baba mkwe, Namwero, hakatai moja kwa moja. Anamtoza mkwewe faini ya pombe ya ndizi. Tangu hapo msomaji anasubiri kujua kama mke atarudi, na Kitereza, badala ya kumharakisha, anampeleka migombani.

Nilipoisoma Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali kwa mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi, kurasa hizo niliziruka. Nilitaka kisa. Nilidhani maelezo ya kuvundika ndizi, kukamua na kusubiri pombe iive ni mapambo ambayo mhariri mkali angeyapunguza. Miaka mingi baadaye, baada ya kusikiliza mijadala kadhaa kuhusu uhifadhi wa vijiji vya asili, nilizirudia kurasa zile zile, na nikaona kwamba nilikuwa nimeruka moyo wa kitabu. Makala haya yanadai kwamba Kitereza aliuelewa urithi wa kijiji kwa undani ambao sera nyingi za uhifadhi hazijaufikia, na kwamba aliuelewa hivyo kwa sababu alikuwa mwandishi wa riwaya, tena wa riwaya inayodaiwa kuwa na mwendo wa pole mno.

Swali lenyewe si geni kwa wasomaji wa jarida hili. Wengi wetu tunatoka katika vijiji ambavyo leo vinaombwa kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: vibaki kama vilivyokuwa, na vijipatie riziki katika uchumi ambao haukuwapo vilipojengwa. Mgeni huja kutazama nyumba ya nyasi, na mwenye nyumba anataka bati kwa sababu nyasi za kuezekea hazipatikani tena kirahisi na kijana aliyejua kuezeka ameshahamia mjini. Mlinzi wa urithi humwona mwenye nyumba kuwa msaliti. Mwenye nyumba naye humwona mlinzi kuwa mtu ambaye paa lake halivuji. Ni nani kati yao anayeujua urithi huo? Riwaya ya Kitereza inatusaidia kulijibu swali hili, lakini kwanza tukumbuke jinsi ilivyotufikia.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 Ukerewe, kisiwa kikubwa ndani ya Ziwa Viktoria, katika ukoo wa kitawala wa Wasilanga. Alisomea seminari ya Rubya, akafanya kazi na wamisionari wa Kikatoliki, na katika utu uzima akaanza kuandika kwa Kikerewe habari za maisha ya watu wake kabla Wazungu hawajafika. Aliimaliza riwaya mwaka 1945. Haikupata mchapishaji, kwa kuwa lugha ya kisiwa kimoja haikuonekana kuwa na soko, na muswada ukakaa. Baadaye, akiwa mzee, aliitafsiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 ikachapishwa na Tanzania Publishing House, kitabu cha kurasa zaidi ya 600. Mwaka uliofuata alifariki, na inasimuliwa kwamba hakuwahi kukishika kitabu chake mkononi. Tangu hapo riwaya imetafsiriwa kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza. Tafsiri ya Kiingereza, ya mwaka 2002, ilifanywa na Gabriel Ruhumbika, mwandishi ambaye naye ni mwana wa Ukerewe.

Kwa hiyo Kiswahili chenyewe, katika historia ya kitabu hiki, kilikuwa chombo cha kuokolea. Mzee alikihamisha kijiji chake kutoka lugha iliyokosa msomaji hadi lugha yenye wasomaji wengi, na katika kuhama huko aliacha vitu njiani kama kila anayehama. Jambo hili tulizingatie sisi tuishio ughaibuni, ambao hupenda kukiona Kiswahili kuwa ndicho urithi unaotishiwa. Kwa Mkerewe wa 1945 Kiswahili kilikuwa upande wenye nguvu.

Lawama iliyozoeleka dhidi ya riwaya hii ni kwamba si riwaya hasa. Husemwa kuwa ni ethnografia iliyovikwa kisa, kuwa wahusika wametundikwa juu ya mila kama nguo juu ya kamba, na kwamba mwandishi husimamisha matukio kila anapopata nafasi ya kueleza namna ya kusalimia, kula, kulima au kutibu. Lawama hiyo ina ukweli wake. Kuna sehemu ambazo msimulizi anaeleza jambo kwa sababu tu anaogopa litasahaulika, na msomaji huihisi hofu hiyo. Kitereza mwenyewe hakuificha nia yake. Alitaka vizazi vijavyo vijue jinsi wahenga walivyoishi.

Lakini tuichukue faini ya Namwero na kuitazama kwa makini. Pombe ya ndizi, kama inavyotengenezwa katika nchi za ziwa, haimngoji mtu mmoja mwenye haraka. Ndizi zilizokomaa huvundikwa siku kadhaa mpaka ziive. Kisha humenywa, huchanganywa na nyasi, hukamuliwa mpaka zitoe maji yake matamu. Maji hayo huchujwa, hutiwa unga wa nafaka iliyokaangwa, hufunikwa na kuachwa yachachuke. Kila hatua ina chombo chake na mikono yake, na kuna kazi za mwanamume na kazi za mwanamke. Sasa Myombekere hana mke nyumbani. Hilo ndilo kosa analolipia, na hilo hilo ndilo linalomfanya ashindwe kulipa peke yake. Lazima aende kwa jirani. Lazima akope mikono ya wake za wengine, aazime vyombo, asubiri, kisha wakubali kumsindikiza kuibeba pombe hadi ukweni.

Namwero amemtoza mkwewe kitu ambacho hakiwezi kununuliwa. Angetaka mbuzi, Myombekere angetoa mbuzi zizini na mambo yangeisha siku hiyo. Kwa kutaka pombe amemlazimisha athibitishe mbele ya watu kwamba bado anao watu, kwamba kijiji chake kiko tayari kumfanyia kazi mwanamume aliyeshindwa kumlinda mkewe dhidi ya ndimi za ndugu zake. Ukiifahamu kazi ya pombe, unaifahamu hukumu. Usipoifahamu, unaona mzee mpenda kinywaji. Basi kurasa nilizoziruka ndizo zinazobeba kisa, na maelezo ya kazi ni hoja ya mwandishi kuhusu maana ya kuwa na ujirani. Mhariri mkali angezikata kurasa hizo na kubaki na mume, mke na mzee wa kuchekesha.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kati ya Kitereza na wahifadhi wengi. Uhifadhi, katika historia yake ya kisheria, ulianza na vitu vinavyosimama: majengo, makaburi, magofu. Mkataba wa Urithi wa Dunia wa 1972 ulitengenezwa kwa ajili ya mahali na mandhari. Mwaka 1981, mwaka ule ule aliofariki Kitereza, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Yanastahili heshima hiyo. Lakini tazama jinsi matukio hayo mawili yalivyopishana: mawe ya mji uliokwisha kuhamwa yalipata ulinzi wa mataifa, na mzee aliyebeba kichwani mwake namna nzima ya kuishi alizikwa kisiwani, kitabu chake kikiwa ndiyo kwanza kinaanza kusomwa. Hadi mwaka 2003 ndipo ulipopatikana mkataba wa kimataifa wa kulinda urithi usioshikika, yaani ujuzi, desturi na sanaa za utendaji, na Tanzania iliuridhia mwaka 2011.

Dar es Salaam kuna Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa miaka ya 1960, ambamo zimejengwa nyumba za jamii mbalimbali za Tanzania. Nimepita humo zaidi ya mara moja, na sina nia ya kukibeza, maana mtoto wa mjini hapati mahali pengine pa kuziona nyumba hizo zikiwa pamoja. Hata hivyo, kila nilipoinama kuingia mlangoni nilijiuliza swali moja: jiko hili huwashwa na nani? Nyumba iliyohifadhiwa bila kazi ya nyumba ni umbo ambalo maana yake imebaki kwingine. Kitereza alifanya kinyume. Ukimsoma kwa makini, nyumba zenyewe hazichukui nafasi kubwa katika kumbukumbu ya msomaji. Kinachobaki ni vitendo: kuvundika, kupalilia, kukaribisha, kuaga, kusubiri mvua, kumuuguza mtu, kumlilia maiti. Urithi wake uko katika vitenzi zaidi ya nomino.

Upo pia ndani ya riwaya uzi mwingine ambao wahakiki huutaja kama mada ya kawaida ya fasihi ya Kiafrika na kuupita: ugumba. Bugonoka hana mtoto. Nusu ya kwanza ya kitabu inaendeshwa na ukosefu huo, hadi mganga Kibuguma anapoleta dawa na hatimaye kuzaliwa Ntulanalwo, kisha Bulihwali, watoto ambao majina yao yenyewe yanabeba kumbukumbu ya kifo na huzuni. Tunajua pia kwamba Kitereza na mkewe hawakubaki na mtoto aliye hai. Sitaki kuisoma riwaya kama wasifu wa mwandishi, kwa sababu usomaji wa namna hiyo huidhulumu kazi. Lakini tuulize: mtu asiye na mtoto, anayeandika ili wajukuu wajue, anawaandikia wajukuu gani?

Swali la urithi daima ni swali la warithi. Sera nyingi huorodhesha kinacholindwa na kusahau kutaja anayepokea. Kitereza aliweka jambo hili katikati ya kisa chake. Ujuzi wote ambao msimulizi anaumwaga, wa shamba, wa pombe, wa dawa, unafanyika katika nyumba ambayo kwa muda mrefu haina wa kumpokeza. Ndiyo maana kuzaliwa kwa Ntulanalwo kuna uzito kuliko furaha ya kifamilia. Na ndiyo maana pia jina la kitabu ni orodha ya watu wanne: baba, mama, mwana, binti. Kitereza hakukiita kitabu chake kwa jina la kisiwa, wala la mila, wala la ukoo. Alikiita kwa jina la kaya iliyofaulu kuendelea.

Ukerewe ilitoa riwaya nyingine katika kipindi hicho hicho. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944, alichapisha Gamba la Nyoka mwaka 1979, mwaka mmoja tu kabla ya kitabu cha Kitereza. Huyu alikuwa wa rika la wajukuu wa mzee huyo, mwanachuo wa Dar es Salaam, na kijiji chake cha kubuni kinakutana na serikali. Miaka ya 1970 mamilioni ya Watanzania wa vijijini walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na katika kipindi cha 1973 hadi 1976 uhamisho huo ulifanywa kwa amri na mara nyingi kwa nguvu. Kezilahabi aliwapa wasomi wake vijana majina ya Mambosasa na Mamboleo, kana kwamba kusema kwamba wakati uliopo umewajaza hata majina yao, na akawaweka mbele ya wazee ambao hawana hakika kwamba wanaokombolewa ni wao.

Riwaya hizi mbili zinafaa kusomwa pamoja zaidi ya ilivyozoeleka. Moja inaonyesha kijiji ambacho kila kazi ina maana kwa sababu ina jirani. Nyingine inaonyesha kijiji ambacho watu wamewekwa karibu karibu, nyumba kwa nyumba, na bado ujirani umevunjika, kwa kuwa ukaribu wenyewe umeamriwa. Sera ya vijiji vya ujamaa ilijitetea kwa kudai kwamba inaurudisha udugu wa asili wa Mwafrika. Kwa maneno mengine, nayo ilikuwa sera ya urithi. Ilitaka kuhifadhi matokeo, yaani ushirikiano, huku ikiondoa mazingira yaliyoyazalisha: shamba la mtu lilipo, migomba aliyoipanda baba, makaburi, njia ya kwenda kwa wakwe. Myombekere angewezaje kulipa faini yake kama migomba yake ingekuwa imeachwa mwendo wa nusu siku, na majirani zake wakiwa watu aliokutana nao mwezi uliopita? Kitereza aliandika miongo mitatu kabla ya sera hiyo na hakukusudia kuijibu. Kitabu chake kinaijibu hata hivyo.

Dola haikuwa peke yake katika kukibadilisha kisiwa. Riwaya ilitoka mwaka 1980, wakati ziwa lenyewe lilikuwa linageuka. Sangara, samaki aliyepandikizwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliongezeka ghafla katika miaka ya 1980 na kuzila furu, samaki wadogo wa mamia ya aina waliokuwa chakula cha kila siku cha watu wa ziwa. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, ndege zikabeba minofu kwenda Ulaya, na mwambao wa visiwa ukajaa kambi za wavuvi kutoka kila upande. Leo mvuvi wa Ukerewe anazungumza juu ya makila, kokoro, karabai za kuvulia dagaa, bei ya mabondo. Huo ni msamiati wa biashara, na ni msamiati hai. Siwezi kumwambia mvuvi huyo kwamba maneno yake yana thamani ndogo kuliko majina ya mitego ya babu yake. Yanamlisha.

Lakini linganisha mpangilio wa kazi. Samaki anayevuliwa kwa ajili ya kiwanda hupimwa kwa kilo na huondoka kisiwani usiku huo huo, na anayebaki na deni la injini na nyavu ni mvuvi. Pombe ya Myombekere haikutoka nje ya mzunguko wa watu waliojuana kwa majina. Ninasema hivi bila kuililia enzi iliyopita, na msomaji atambue kwamba riziki inapobadilika, kinachopotea kwanza ni sababu ya kumhitaji jirani. Mila hufuata baadaye, pole pole, kama jani linalonyauka baada ya mzizi kukatwa. Mhifadhi anayefika na kamera wakati jani linanyauka amechelewa, na hukosea anapomlaumu jani.

Tusimtakase Kitereza. Kijiji chake kina utulivu ambao historia haiuthibitishi wote. Ukerewe ya karne ya 19 ilishiriki biashara ya mbali ya pembe za ndovu, ilijua utumwa, na ilikuwa na watawala ambao mkono wao ulikuwa mzito. Mwandishi alikuwa wa ukoo wa watawala hao. Kumbukumbu inayohifadhiwa humu ni kumbukumbu ya kaya yenye ng'ombe na migomba, inayoweza kutoza na kutozwa faini. Msomaji anayetaka kujua jinsi mtumwa au mtegemezi alivyokiona kijiji hicho hatapata jibu la kumtosha. Hili ni onyo kwa kila mradi wa urithi: kabla ya kuuliza tunalinda nini, tuulize kumbukumbu hii ilikuwa ya nani.

Swali gumu zaidi ni la Bugonoka. Mila tunayoisifia kwa ujirani wake ndiyo iliyompa kila shangazi ruhusa ya kumsimanga mwanamke kwa tumbo lake. Faini ya pombe inapatanisha wanaume wawili, baba na mume, na mwanamke anasubiri ndani. Je, tukilinda urithi huo tunalinda pia masimango? Nadhani jibu la Kitereza limo ndani ya muundo wa riwaya, na ndilo linalonifanya nimheshimu zaidi ya wanaomsifu kama mtunza mila. Myombekere anakataa kuachana na Bugonoka, ijapokuwa ndugu zake wanaona hiyo ndiyo njia ya busara. Mwandishi anasimama upande wa wanandoa dhidi ya shinikizo la ukoo. Katika jina la kitabu anampa mke heshima ile ile anayompa mume, Bwana na Bibi. Na mtu huyu aliyelelewa na wamisionari anamwacha mganga wa jadi afaulu bila kumhukumu. Anachagua. Anapenda ulimwengu wa mababu zake na haukubali wote. Mila zinazodumu ni zile ambazo wenyewe waliruhusiwa kugombana nazo.

Ninaandika haya kutoka Maskati, mji ambao una familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, zilizotoka Zanzibar na bara baada ya 1964 na hasa baada ya 1970. Hapa pia suala la vijiji linajadiliwa, na mfano ulio karibu nami ni wa falaji. Mwaka 2006 mifumo mitano ya aflaji ya Oman iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Falaji ni mfereji, lakini ni zaidi ya mfereji. Ni ugavi wa maji kwa zamu, zilizopimwa zamani kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku, zenye hisa, warithi, mnada na msimamizi. Katika hili falaji inafanana na pombe ya Namwero: ni kazi ambayo haiwezi kufanywa na mtu mmoja, na kwa hiyo inawalazimisha watu kuwa jamii.

Ukienda leo katika vijiji vya milimani, kama vile Misfat al Abriyeen, utakuta maji yanatembea, mitende imesimama, na baadhi ya nyumba za kale zimegeuzwa kuwa nyumba za wageni zinazoendeshwa na wenyeji. Hiyo ni riziki mpya, na ni ya halali na ya heshima. Lakini katika mashamba mengi ya Oman anayeinama kufungua na kuziba mkondo ni kibarua kutoka Bangladesh au India, kwa sababu vijana wenye hisa za maji wana ajira mjini na huja mwisho wa juma. Ujuzi wa falaji haujafa. Umehamia kwa mtu ambaye hana hisa, hana kura katika ugavi, na mkataba wake ukiisha ataondoka nao. Nilipoliona hilo nilikumbuka nyumba isiyo na mtoto. Urithi unaweza kulindwa vizuri kabisa na bado ukakosa mrithi, na unaweza kumpata mrithi ambaye sheria haimtambui.

Kazi ya uhakiki hapa ni ipi? Kwanza, tuache kuuhukumu upole wa riwaya za namna hii kwa kipimo cha riwaya ya mjini, ambamo muda ni mali ya mtu binafsi. Tunapofundisha kitabu hiki ughaibuni, mara nyingi tunatoa dondoo za matukio na kuacha kazi. Tufanye kinyume walau mara moja: tuwape wanafunzi kurasa za pombe peke yake, na tuwaulize ni watu wangapi wanaohitajika ili mtungi mmoja ujae. Pili, tumsome pamoja na Kezilahabi, mzee na kijana wa kisiwa kimoja, ili ubishi wao usikike. Tatu, tukumbuke kwamba nyuma ya Kiswahili cha kitabu kuna Kikerewe, na kwamba wanaokijua Kikerewe cha mashamba na magonjwa wanapungua kila mwaka. Msomi mwenye nafasi ya kukaa nao angeisaidia riwaya hii kuliko makala kumi kama haya.

Kuhusu walinzi wa urithi, Kitereza hawapi mpango. Anawapa swali la kuuliza kabla ya kupanga: katika kijiji hiki, ni kazi gani ambayo mtu hawezi kuimaliza bila kumwita jirani, na nani bado ana sababu ya kuifanya? Pengine jibu litakuwa uvuvi wa dagaa, au mazishi, au kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, jambo ambalo halina sura ya kale hata kidogo. Basi hapo ndipo pa kuanzia, kwa kuwa hapo ndipo kijiji kilipo hai.

Myombekere aliilipa faini yake. Pombe ilibebwa hadi kwa Namwero, wakanywa waliostahili kunywa, na Bugonoka akarudi nyumbani kwake. Mitungi ilirudishwa kwa wenyewe.